Taa za Pembeni

Chiduo, dereva wa lori, hakwenda kliniki ya macho kwa ajili yake mwenyewe. Alimpeleka mkewe, Salome, kuchukua miwani, na tangu wafike alikuwa akikaa, akisimama, akichungulia lori lake dirishani.

"Baba, njoo nawe tukupime," daktari alimwambia.

"Mimi naona mpaka namba za gari la mbele."

Lakini Salome alikwisha kumsukuma kitini.

Chiduo akaegemeza kidevu kwenye mashine, akazibwa jicho moja, akapewa kitufe. Alitakiwa kukazia macho nukta ya katikati, na kila taa ndogo ikiwaka pembeni, abonyeze. Alibonyeza mara tano, sita. Kisha akangoja.

"Daktari, mashine yako imezimika."

"Haijazimika, baba. Taa zinawaka."

Chiduo akabaki ameweka kidole juu ya kitufe, akizitafuta.

Baadaye daktari alimweleza kwamba presha ya jicho imekuwa ikiula mshipa wa kuonea kwa miaka, bila maumivu. Uono wa pembeni umepotea, na kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone kila siku, na kupimwa kila baada ya miezi michache.

"Na lori?"

"Kwa sasa usiliendeshe."

Wakatoka, wakasimama ukingoni mwa barabara. Chiduo akageuza shingo yote kushoto, akaigeuza yote kulia, akarudia tena. Magari yalimtokea ghafla, kana kwamba yanazaliwa hewani. Salome akamshika mkono. Chiduo hakuutoa, wala hakuinua mguu kuvuka.