Sahani ya Cicily

"Hii sahani mtu asiiguse," Veronicah alisema. "Ni ya Cicily peke yake."

Mbaka, jirani aliyeitwa kuchinja, aliacha kupangusa kisu chake. Nyama iliyokuwa kwenye ile sahani ilikatwa vipande vidogo kama punje za mahindi.

"Mama mkwe wako bado ana meno, Vero. Hata mfupa anavunja."

"Meno yake nayajua," akajibu, akaifunika sahani kwa kitambaa.

Boma la Cicily, nje kidogo ya Kiritiri, lilijaa wageni. Mwanawe, Muriuki, alikuwa amepata binti kwa mke mpya, na leo mtoto angepewa jina. Hakuna aliyehitaji kuuliza jina gani. Kwa Wambeere, binti wa kwanza wa mwanamume hubeba jina la mama yake huyo mwanamume, na likishabebwa na mmoja, mdogo wake hupewa jina lingine. Cicily alikuwa amelingoja jambo hilo miaka mingi. Alikuwa hata ameshona rinda jipya.

Kilichowashangaza watu ni Veronicah, mke wa kwanza, kuingia akivuta mbuzi. Miaka saba hakuonekana. Alikuwa ameacha gari la kukodi langoni, kivulini, vioo vimeteremshwa kidogo, akaja moja kwa moja mekoni na kuomba kisu. Wengine walitaka afukuzwe. Cicily mwenyewe ndiye aliyewazuia.

"Mwacheni akae," alisema kwa sauti ya kufika mekoni. "Aone vile mtoto wa wenzake anameza maziwa."

Wageni wengine walicheka. Ulimi hauna mfupa, na wa Cicily haukuwahi kuwa nao.

Veronicah aliinamia nyama, akakata. Alimchukia yule mwanamke. Alimchukia alfajiri akifunga maua ya kuuzwa kwenye shamba alikoajiriwa, katika baridi ya Timau, akamchukia jioni akichochea moto wake. Kuna siku ambazo chuki hiyo ndiyo pekee iliyomtoa kitandani.

Miaka saba iliyopita, mtoto wake Veronicah alizaliwa akitoa povu. Mate yalimtoka mdomoni bila kukoma, na alipowekwa kwenye ziwa alipaliwa, akakohoa, midomo ikawa bluu. Cicily alikuja wodini, akaliona lile povu, akaificha mikono yake ndani ya leso.

"Huyu ni wa kufa," alisema. "Msimpe jina langu. Mimi sizikwi mara mbili."

Muriuki alitazama viatu vyake. Kisha akamfuata mama yake nyumbani.

Ni daktari wa hospitali kubwa walikopelekwa aliyemweleza Veronicah. Shingoni mna njia mbili: ya mbele ni ya pumzi, na nyuma yake kuna umio, unaopeleka chakula tumboni. Umio wa mtoto huyu ulikatika kifuani. Kipande cha juu kiliziba kama soksi. Cha chini kilijishikiza kwenye njia ya pumzi. Si laana, mama, daktari alisema, ameumbika hivyo tumboni. Ilibidi apasuliwe, kipande kiungwe na kipande. Kabla ya kumwingiza kwenye chumba cha upasuaji, nesi aliuliza mtoto anaitwa nani. Veronicah alijibu papo hapo.

Huku Kiritiri, Cicily alisema mtoto amekwenda, na hakuna aliyemwuliza amekwenda wapi.

"Ile maneno ya mtoto, pole sana," Mbaka alisema sasa, akiikata shingo ya mbuzi. "Sikuwahi kukwambia pole."

"Nionyeshe koo."

Mbaka alidhani hakusikia vizuri, lakini alimwonyesha. Njia ya pumzi ilikuwa ngumu, ina pete. Umio ulilala nyuma yake, laini. Veronicah aliingiza kidole cha mwisho ndani ya umio, kikapita hadi upande wa pili bila kukwama. Machozi yakamlenga. Aliyafuta kwa kiwiko, kisha akarudi kukata, vipande vidogo zaidi.

"Vero," Mbaka aliuliza polepole, "hiyo nyama umeiwekea nini?"

"Chumvi."

Mbaka aliitazama ile sahani, akamtazama yeye.

Uani, Cicily alisimama na mtoto mchanga mikononi. Aliomba, akashukuru, akawaangalia wageni mmoja mmoja.

"Haya," alisema. "Sasa mniulize huyu ni nani."

"Cicily!" Veronicah aliita kutoka mekoni kabla mtu hajafungua mdomo. "Chakula chako kiko tayari."

Alitoka ameishika sahani kwa mikono miwili.

"Mama, usile hiyo!" Mbaka alipaza sauti.

Lakini Cicily alikuwa ameshanyoosha mkono, akitabasamu kwa kuheshimiwa mbele ya watu na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemtupa. Veronicah alimpita na sahani yake. Alitembea hadi langoni, akafungua mlango wa gari.

Msichana alishuka akifikicha macho, chupa ya maji ikining'inia shingoni. Alichukua kipande kimoja, akakitafuna sana, akanywa maji kidogo, akameza.

"Cicily wa Muriuki," Veronicah alimwambia, na uani kote wakasikia, "nenda umsalimie cucu yako, mama ya baba yako."

Msichana alikwenda. Alimpa yule bibi mkono, kisha akasimama kwa vidole vya miguu kumchungulia mtoto aliyebebwa.

"Cucu," akauliza, "na huyu anaitwa nani?"