Vigelegele vya Mama

Siku hizi kiti cha magurudumu cha kila mwanariadha mwenye ulemavu husikiliza yote yanayosemwa nyumbani, na mwili ukianza kupona, kinaiarifu kamati ya mashindano. Aliyepona hashindani tena.

Nanjala, bingwa wa mbio za viti na kurusha tufe, alikuwa anaoshwa miguu na mama yake, ambaye leo alisahau kuyapoza maji. Yakamuunguza. Miguu isiyohisi kitu tangu utotoni ikahisi, na kidole gumba kikaruka.

Mama akakiona. Maombi ya miaka yote yakampanda kooni, akafungua kinywa apige vigelegele.

Nanjala akamziba mdomo kwa kiganja chenye sugu za magurudumu.

"Mama, nakusihi," akanong'ona.

Kwikwi ya mama ikapenya kati ya vidole vya Nanjala. Nyuma yao taa ya kiti ikawaka.

"Nanjala," kikauliza kwa upole, "mbona mama analia?"