Kaburi la Mgomba

"Humu ndani kuna mgomba tu," bibi mzee alimwambia mgeni wake, Wilkister, huku akifagia kaburi la baba yake. "Hakurudi kutoka Burma, tukazika shina mahali pake."

Wilkister alikuwa akitafiti malori ambayo Wamarekani waliwapa Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Lori moja, lililoendeshwa na baba wa bibi huyu huko Burma, ndilo lililomfanya Wilkister aje hapa kijijini Masafu. Rekodi yake alikuwa nayo mkononi: vita vilipokwisha, lori lilirudishwa Nairobi, na aliyetia sahihi ni dereva mwenyewe.

"Karatasi inasema nini, mwanangu?"

Wilkister akaikunja polepole. "Lori lilirudi salama, bibi."

Ufagio ukasimama. Jani kavu lilikuwa limenasa kwenye njiti zake.

"Nani alikuwa anaendesha?"