Kiti Chenye Joto

Siku hiyo mjinga alikuwa Dismas, na hakuna aliyegombea naye cheo hicho. Alishapindua gari lake la mbio, mkewe Redempta akavunjika uti wa mgongo na kupoteza hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Badala ya kuliuza, Dismas akalipeleka kwa fundi, azishone nyaya za kupasha joto ndani ya viti, eti mama asipigwe na baridi ya mlimani.

"Moto ukizidi, bosi, abiria mwenyewe atakwambia," fundi alimwonya.

Dismas alimbeba mkewe, akamketisha, akawasha joto mpaka mwisho. Wakauzunguka mji asubuhi nzima.

"Raha, mama?"

"Wewe endesha tu, na kona uziogope."

Walipofika nyumbani akamnyanyua. Kitenge kilikuwa kimegandia kwenye kiti, na paja limejaa malengelenge.

"Si ungesema kinaunguza!" alifoka. "Mdomo huna?"

"Mdomo ninao, Dismas. Wa kuuambia ni paja, na paja lilishakufa."