Mlango wa Dobi

Dobi alitoka asubuhi kwenda kununua sabuni na bluu ya kufulia. Saa tano alirudi na mlango.

Ulikuwa mlango mzima, wa mbao ngumu, una kitasa cha shaba na funguo mbili zilizofungwa kwa uzi. Ulilala chali juu ya mkokoteni, na dobi akatembea pembeni yake, mkono mmoja juu ya mbao, kama anayempeleka mgonjwa hospitali.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa barazani akipaka kucha rangi. Brashi ikasimama hewani.

"Wifi, ni nini hicho?"

"Mlango."

"Mlango wa nini?"

Dobi akainama kumsaidia mwenye mkokoteni kuushusha. Alikuwa anapita zake mbele ya karakana ya seremala, akauona umeegemezwa ukutani, jua limeupiga, miguu ikagoma kwenda. Akaupapasa. Akafungua na kufunga kitasa mara tatu, akisikiliza chuma kikiingia mahali pake. Akili ilipomrudia alikuwa ameshalipa. Zilikuwa pesa za mashine ya kufulia, alizozidunduliza miaka mingi huku mikono ikichunika kwa nguo za watu.

Wifi alicheka mpaka majirani wakachungulia. Kaka aliporudi kula mchana hakucheka. Alimwambia dobi kwamba anawaaibisha, kwamba mtu anayelala stoo nyuma ya pazia hana shughuli na mlango wa kitajiri, na kwamba uwazi wa stoo yenyewe haupitishi hata nusu yake.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Stoo ilijengwa kwa ajili ya ndoo na mifagio. Kitanda chake kiligusa kuta zote mbili. Pazia lilikuwa shuka kuukuu, na wifi alilisukuma kando wakati wowote alipotaka kupigiwa nguo pasi.

"Humu ndani watu hawajinunulii tu kila kinachowapendeza," kaka alisema. Aliyasema hayo akiwa ameketi mbele ya runinga aliyojinunulia mwezi uliopita akitoka kazini, kubwa hata ikaziba nusu ya dirisha. "Kesho uurudishe."

Dobi akasema ataurudisha.

Mchana kutwa alisugua kola na makwapa ya mashati, na kila povu lilipomchoma penye michubuko aliikumbuka mashine yake. Alijiita mjinga, kisha akatafuta neno kali zaidi. Mvua nazo zilikuwa zinakaribia. Mwaka jana paa lilipovuja, ni yeye aliyehangaika na mabati na fundi, huku kaka amesimama chini akitoa maelekezo. Likivuja tena mwaka huu, atamwambia nani kwamba pesa amezila kwa macho?

Kesho yake asubuhi alimtangulia mwenye mkokoteni mpaka karakana. Seremala, mtu wa maneno machache, penseli nyuma ya sikio, hakukasirika. Alisema atamrudishia pesa zake. Siku hizi watu wanarudisha milango kama viatu vinavyobana. Ila kama tatizo ni kipimo, yeye angeweza kuuranda kidogo.

"Fremu ina upana gani?"

Dobi akautaja upana, akataja urefu, akaongeza na ile nusu sentimita ya upande wa kulia ambako fremu ilipinda kidogo. Hakuwa na karatasi wala kamba. Seremala akachukua futi, akapima mlango, akapima tena.

"Dada yangu, mbona unaingia? Sasa unaurudishia nini?"

Dobi alisimama katikati ya vumbi la mbao akitafuta sababu. Alizipata nyingi. Moja ilikuwa ya kaka, nyingine ya wifi, nyingine ya majirani waliochungulia. Ya kwake hakuiona. Majuto yakakatika ghafla, kama kwikwi.

"Siurudishi," alisema. "Njoo Jumamosi na vifaa vyako."

Siku tatu zilizofuata nyumba haikukalika. Wifi aliacha kumsemesha, akawa anamtupia nguo chafu sakafuni. Kaka akatishia kuupasua mlango uwe kuni. Dobi, bila kuinua kichwa kwenye beseni, akamwambia shoka liko nyuma ya jiko, ajaribu. Kaka alilitazama jiko, akamtazama dada yake, akaenda kuwasha runinga.

Jumamosi seremala akafika. Wifi, mdomo umembenuka, akamwonyesha kwa kidole upande wa stoo, kwenye lile pazia.

"Si huko, fundi," dobi akasema. "Ni hapa mbele."

Mlango wa zamani wa mbele ulikuwa mbao nyepesi iliyovimba kwa maji, unafungwa kwa waya. Seremala akaung'oa kwa mkupuo mmoja. Mpya ukaketi kwenye bawaba kana kwamba fremu ilikuwa ikiungoja. Kaka akatoka kuuona, akaufungua, akaufunga, na uso wake ukalainika. Akakiri kwamba kumbe dada yake alikuwa na nia njema, aliwafikiria watu wote. Kisha akanyoosha kiganja.

"Haya, nipe ufunguo wangu."

Dobi akazifunga funguo zote mbili kwenye pindo la nguo yake, akakaza fundo kwa meno.

"Kaka, mliponiomba niwahifadhi mlisema wiki mbili tu, mpate pa kupanga. Huu ni mwaka wa tano. Kuanzia leo, mkija nyumbani kwangu mtapiga hodi."