Sinia la Bi Mwanakombo

Siku hizi sinia ndilo linalopima. Vihisi vyake huhesabu matonge ya kila mkono, na jiko la mtaa hukuletea kesho kadiri ya ulichokula leo.

Saumu alikula sinia moja na mama yake, Bi Mwanakombo. Kila siku mama alimsogezea minofu ya samaki, na jana mwenyewe alichovya vidole tu na kutafuna hewa.

"Kula, mwanangu. Mie nishashiba."

Leo wali ulikuja kiduchu. Saumu akashtuka, akaligonga sinia.

"Mbona chakula cha mtu mmoja?"

"Nyumba hii ina mlaji mmoja," sinia likajibu.

Saumu alimgeukia mama. Mkono ule mkavu ulikuwa siniani, ukimsogezea mnofu wa mwisho.