Kucha Isiyouma

Kucha ya kwanza ilitua ndani ya bakuli la poi, ule uji mzito wa magimbi. Makaio Nahinu aliing'oa gumbani kwa meno, akaitema bila kuangalia inakokwenda, kisha akaanza kunyonya kidole.

"We! Chakula changu hicho!" Palakiko alifoka.

Hiyo haikuwa kucha ya kuota. Ilikuwa kipande cha gamba la ng'amba, cha kuvaliwa gumbani na kupigia nyuzi. Palakiko alizichonga kucha hizo barazani kwake, Honolulu, akazichemsha sufuriani mpaka zikalainika, kisha akazikunja juu ya gumba la mpigaji zikiwa bado za moto. Bila kucha, gitaa la chuma, lile la kupakata mapajani, lina sauti ya kunong'ona. Na kiongozi wa bendi alishasema: kumbi za San Francisco ni kubwa, asiyevaa kucha hapandi meli.

Mpigaji alikuwa Makaio. Akishindwa, nafasi ingekwenda kwa Palakiko, binamu yake, ambaye naye alipiga vizuri, lakini si vizuri kiasi cha watu kuacha kuongea wamsikilize.

"Gumba gani hilo linadeka kama bibi harusi?" Palakiko alimtania. "Wenzako wanavaa hizi hizi, hawalii."

"Imenitoa damu, bwana! Si useme tu unataka kunikata kidole uende wewe."

Palakiko alicheka sana. Aliiokota ile kucha kutoka kwenye poi, kucha yenye doa jeupe kama jicho la samaki, akaiosha, akaitundika kwenye msumari juu ya mlango. "Itakaa hapo hapo. Kila apitaye aone kilichomliza Makaio."

Hayo yalikuwa Januari. Meli ilikuwa ya Novemba.

Zikafuata kucha nyingine, nene, nyembamba, pana. Moja ilibana, nyingine iligeuka katikati ya wimbo, nyingine ilimla ngozi ya pembeni mpaka akawa anakula kwa mkono wa kushoto. Alijaribu bati, akajaribu mwanzi. Akajaribu kuweka kitambaa ndani, gitaa likatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Mkewe, Keala, alikuwa akimpaka mafuta ya nazi kila asubuhi huku akiomba moyoni gumba lisipone.

Keala alizichukia meli. Miaka minane nyuma alisimama gatini akamwona kaka yake akipandishwa meli ya kwenda kisiwa cha Molokai pamoja na wagonjwa wengine wa ukoma, na wa Molokai hawarudi. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena gatini.

"Mimi naenda kupiga gitaa tu, mama watoto," Makaio alimbembeleza. "Mwaka mmoja. Nitarudi na viatu vyako vya kisigino."

"Na huyo binamu yako anayekuchongea? Kikulacho ki nguoni mwako."

"Palakiko? Ana mdomo tu, yule."

Na kweli, kufikia Septemba kazi ya Palakiko ilianza kuzaa matunda. Kucha ya kumi na nne haikumng'ata. Ya kumi na tano aliivaa tangu chai mpaka chakula cha mchana akasahau kuivua. Makaio alimsifu fundi wake kila kona ya mtaa, akasema hakuna mikono kama ile visiwa vyote. Ajabu ni kwamba kadiri alivyosifiwa, ndivyo Palakiko alivyopunguza utani. Alikuwa akimtazama binamu yake usoni na mikononi, kama mtu anayekadiria samaki sokoni.

Wiki moja kabla ya safari, alimwita. "Njoo Jumatano asubuhi. Nimepata moja ya mwisho. Hii ikikukataa, basi tena."

Makaio alikuja amevaa shati jipya la safari. Sufuria ilikuwa inachemka. Kawaida, kucha ikitoka majini mtu hupuliza kwanza, na ikimgusa huruka na kumtukana fundi mpaka ukoo wake wa saba. Palakiko aliitoa kwa koleo na kuibana papo hapo juu ya gumba. Makaio alikuwa akisimulia habari za shati, na aliendelea kusimulia.

Kisha akapakata gitaa, akapiga.

Mtaa mzima ukanyamaza. Mwanamke wa nyumba ya pili alisimama na nguo mbichi mikononi. Kile kipande cha chuma cha mkono wa kushoto kilipanda juu ya nyuzi, kikashuka taratibu, na kila mguso wa gumba ulitoka safi, wa duara, wenye nguvu ya kufika viti vya nyuma kabisa vya San Francisco. Makaio alilia, na hakuona aibu kulia.

"Hii! Hii ndiyo yenyewe, kaka! Kama sijavaa kitu! Umeifanyaje?"

Makaio akainua macho amshukuru, na juu ya mlango akaona msumari mtupu. Chini yake walikuwa wamesimama watu wawili wa afya, wale wale waliomchukua kaka yake Keala. Mmoja alimshika mkono, akaivua kucha yenye doa jeupe, akaiweka mezani.

"Fumba macho," alisema. "Nitakudunga sindano gumbani. Ukisikia, sema."

Makaio akafumba. Akangoja. Akangoja tena.

"Mbona hudungi?" aliuliza.

Walipokwisha kuondoka naye kuelekea gatini, Palakiko aliichukua kucha kwa koleo, akaichemsha upya, akaivaa. Ilimchoma na kumbana mpaka machozi yakamtoka, na hapo akapiga magoti akamshukuru Mungu.